Kikohozi cha Baba Mkwe

Sijui nianzie wapi bila kujifunika uso, lakini kwa vile ni nyinyi, na kwa vile mmoja wenu amekwisha kusikia nusu yake huko Rongo na tangu jana ananichekea chini kwa chini, bora niseme yote mwenyewe. Mimi ndiye yule mkwe aliyemfanya marehemu akohoe kwenye mazishi yake, pale Kosele, mbele ya mchungaji na chifu na ukoo mzima, na mbele ya mama mkwe wangu pia, na watu wakakimbia wakaacha viatu.

Na mzizi wa yote ni kipande cha memori ya laptop, kidogo hivi, unaweza kukificha kiganjani.

Mnanijua nilivyo mwoga. Naogopa mbwa, naogopa namba ngeni kwenye simu, naogopa hata kupanda ngazi kama hakuna mtu wa kuishikilia. Lakini katika vyote hivyo hakuna nilichokiogopa kama baba mkwe wangu, Jaduong' Okelo (jaduong' ni mzee wa kuheshimiwa, na huyu aliheshimiwa mpaka na mbuzi wake), na si kwa sababu alikuwa mkali wa maneno, kwani maneno alikuwa nayo machache sana. Nilichoogopa ni kikohozi chake. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Ilikuwa ile namna ya kusafisha koo, "hrm", moja tu, nzito, halafu kimya. Katika vikao vya ukoo, Jaduong' Okelo akisafisha koo hivyo watu walijua amekataa, hata kabla hajasema kitu. Siku niliyopelekwa kwao kujitambulisha, mjomba wangu aliyekuwa msemaji alikuwa amefika katikati ya hotuba nzuri kabisa, mzee akasema "hrm", na mjomba akaweka kikombe chini akaanza kutafuta kofia yake. (Kumbe siku hiyo ilikuwa koo kweli, ubuyu ulimkwama. Lakini mimi nilikuwa nimeshatoka jasho mgongo mzima.)

Akinyi, mke wangu, alikuwa akinicheka kwa uoga huo. Yeye alikijua kikohozi kile kwa njia nyingine. Kila jioni baba yake alipofika langoni kwake alisimama kwanza, akakohoa kile kimoja, na mama yake akamjibu kutoka jikoni, "Donji," yaani ingia, ingawa lango ni la mzee na boma ni la mzee na hakuna wa kumzuia. Akinyi anasema hajawahi kumwona baba yake akivuka lango bila kujibiwa. Nilimsikiliza tu, sikuamini kwamba sauti ile ile inaweza kumfurahisha mtu.

Basi mzee akafariki, na wenyewe kwa wenyewe wakaanza kuvutana. Yeye alikuwa mzaliwa wa Rusinga, akahamia Kosele akiwa kijana, akanunua shamba, akajenga, akaoa, akazeekea hapo. Mdogo wake, Jaduong' Odera, alitaka mwili uvushwe kupitia Mbita ukalale kisiwani kwa baba zao. Mama mkwe alitaka mumewe alale Kosele, kando ya nyumba yake, anapoweza kumwona akifungua dirisha. Walizungumza wee, mpaka Odera akakubali Kosele, lakini alikubali shingo upande, kila mtu aliona. Kwa hiyo mkisikia yaliyofuata mkumbuke makubaliano yenyewe yalikuwa yamesimama kwa mguu mmoja.

Mimi katika hayo nilipigiwa simu na shemeji yangu mkubwa. "Or," akaniambia (or ndiye mkwe wa kiume, na ukiitwa hivyo ujue kuna kazi), "si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Tutengenezee video ya maisha ya mzee, ionyeshwe kwenye skrini watu wakiwa chini ya hema."

Mkwe hawezi kusema hapana. Nina duka dogo Migori, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, natengeneza programu za mazishi, kwa hiyo video ya picha na vipande vya simu ningeiweza. Tatizo lilikuwa laptop. Ilikuwa na memori ndogo. Kwa asiyejua, memori si pale unapohifadhi picha, ni ile nafasi ya kufanyia kazi, kama meza ya fundi nguo; ikiwa nyembamba, kila ukiweka kitambaa kimoja kingine kinaanguka. Nikichapa barua ilitosha. Nikifungua video, kile kiduara kilianza kuzunguka, kikazunguka, nami nikabaki nimekitazama kama mtu anayesubiri majibu hospitalini.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuteseka. Niongeze memori au nisiongeze? Nisipoongeza, laptop itakwama mbele ya wakwe, nionekane mtu wa maneno matupu. Nikiongeza, nitafungua mashine ambayo ndani yake kuna picha zote za marehemu, na je, ikikataa kuwaka? Nilimuuliza Akinyi, akasema, "Si inafanya kazi? Iache hivyo hivyo." Nikamuuliza jirani yangu wa duka, akasema ongeza. Nikamuuliza Akinyi tena kesho yake nikitumaini amebadilisha mawazo, akaniambia, "Wewe unataka nikubali ndiyo ikiharibika useme ni mimi." Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma.

Niliahirisha mpaka siku ya kuondoka. Asubuhi hiyo, video ikiwa nusu, laptop ikakwama mara nyingine nikiwa napanga picha za harusi ya mzee, na hofu ikanibeba mzimamzima hadi kwa Salim. Salim ana duka la simu na kompyuta karibu na soko, ni mtu wa Isiolo, amekaa Migori miaka mingi hadi Kijaluo anatukana nacho. Akaibofya laptop kidogo, akatikisa kichwa.

"Hii inapumua kwa shida, ndugu yangu. Memori mpya ya aina yake sina, labda kesho kutwa. Nina hii moja niliitoa kwa mashine iliyovunjika kioo. Pengine ni nzima. Lakini niachie ilale hapa niipime mpaka kesho. Memori iliyotumika usiiamini kwa macho."

"Naondoka leo, Salim. Wakwe wenzangu wananingoja Rongo."

Hapo lazima niwaeleze, kwa sababu bila hili mtaniona mjinga zaidi ya nilivyo. Kwetu mkwe haingii matanga ya baba mkwe wake kimya kimya, peke yake, saa anayotaka. Tunakutana wote tuliooa boma hilo, kila mmoja na watu wake, tunaingia pamoja mchana kweupe tukionekana. Ukichelewa, wenzako wanaingia bila wewe, na maisha yako yote utakuwa yule aliyechungulia langoni baadaye. Kati ya kuchelewa na kuweka memori ambayo haijapimwa, niliogopa zaidi kuchelewa.

"Iweke tu," nikasema.

Salim alisugua meno ya kile kipande kwa raba ya kufutia, akafungua skrubu za chini, akakipachika, kikalia "tak". Laptop ikawaka. Ikaruka. Faili zilikuwa zinafunguka kabla sijamaliza kubofya. Salim akaninyooshea kidole. "Sijaipima. Nimekwambia mbele ya watu." Nikacheka, nikamwambia asiwe mwoga. Mimi ndiye nilisema maneno hayo.

Njia nzima nilikuwa mtu mwingine. Niliwaonyesha wakwe wenzangu jinsi inavyofungua picha, nikawaeleza mambo ya memori ambayo hawakuniuliza. Tukaingia Kosele vizuri, kwa heshima, na jioni hiyo nilimaliza video nikaitazama yote bila kukwama hata mara moja. Nikaanza kujiona mimi ndiye niliyechelewa kugundua ujasiri wangu.

Asubuhi ya mazishi akaja Jaduong' Odera na basi la watu wake kutoka Rusinga, na jambo la kwanza aliloniambia, bila hata salamu ndefu, ni kwamba amesikia kuna video na picha zote ni za Kosele. "Ndugu yangu alizaliwa wapi, hewani?" Akanipa simu yake imejaa picha: mzee akiwa kijana pwani ya ziwa, mzee na nyavu, mzee na Odera wameshikana mabega. Shemeji yangu mkubwa akaninong'oneza, "Weka zote. Usimpe sababu." Nikaweka zote. Nilikuwa bado naziweka wakati watu wanaimba wimbo wa kwanza, na muda wa kuihifadhi video iwe faili moja safi haukuwepo, kwa hiyo nikaamua kuicheza hivyo hivyo ikiwa wazi ndani ya programu, na huo ndio mzigo mkubwa kuliko wote unaoweza kuipa laptop. Lakini si nilikuwa na memori?

Ilicheza vizuri sana. Skrini mbili kubwa chini ya mahema, spika ndefu kila upande, jeneza katikati limefunikwa kitambaa cheupe. Picha za Rusinga zilipopita watu wa basi walilia kwa sauti na Odera akatoa kitambaa akajifuta. Nikamwona mama mkwe amekaa mbele kwenye kiti chake, kichwa amekifunga kitambaa cheusi, anatazama skrini bila kupepesa. (Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, ni heshima, nilimwona kwa pembeni tu.) Kisha kikaja kipande nilichokipenda, alichokirekodi Akinyi kwa simu siku ya Krismasi: mzee amekaa kwenye kiti chake cha kamba, anainua kidole, anasafisha koo, halafu anawashukuru wajukuu kwa kuja.

Hapo hapo MC akanipungia mkono. Nisimamishe video, Jaduong' Odera atangaze neno la ukoo. Nikabofya pale pa kusimamisha. Haikusimama. Nikabofya tena. Kile kiduara kikatokea, kikazunguka kidogo, nacho kikasimama. Sauti ikakatika. Nikashukuru Mungu, nikasema moyoni hata hivyo itakaa kimya mpaka mzee amalize. Kwenye skrini zote mbili Jaduong' Okelo alibaki na kidole juu na mdomo nusu wazi.

Odera akasimama karibu na jeneza na kipaza sauti. Yote yalisemwa Kijaluo, nawapa kwa Kiswahili.

"Tumezungumza kama ukoo," akasema. "Tumekubaliana ndugu yetu alale hapa Kosele. Kama kuna mtu mwenye neno juu ya jambo hili, aseme sasa kabla hatujamshusha."

Akanyamaza kama inavyotakiwa. Hema lote likanyamaza. Na kutoka kwenye spika zote, kwa sauti ya kutikisa vyuma vya hema, marehemu akasema, "Hrm."

Halafu tena, "Hrm." Halafu, "Hrm. Hrm. Hrm. Hrm."

Mimi nilijua ni nini. Laptop ikikwama vibaya huwa inashika kipande cha sauti ilichokuwa nacho mdomoni, inakirudia bila kukoma mpaka uizime. Nilijua, na bado nywele zilisimama, kwa sababu ni kikohozi kile kile, na kilikuwa kinatoka kwa mtu aliye ndani ya jeneza. Sasa fikirieni wasiojua. Viti vya plastiki vilianguka safu nzima. Kwaya ilikimbilia kwenye migomba. Chifu alikuwa wa kwanza kufika barabarani, na nasema hivi kwa heshima zote, maana alikuwa amekaa mbali na barabara kuliko sisi. Wale vijana wa kubeba jeneza waliliacha. MC aliacha kofia.

Mimi niliinama nyuma ya meza yangu nikachomoa waya wa laptop. Nilichomoa kwa nguvu, nikauinua juu watu waone nimekata stima. Huo ndio ujinga wangu wa pili siku hiyo, kwa sababu laptop ina betri. "Hrm. Hrm. Hrm." Mama mmoja akapiga kelele, "Amechomoa stima na bado anakohoa," na waliokuwa wamesimama kusikiliza wakaanza kukimbia upya. Nikafunga kifuniko. Kikaendelea. Nikakumbuka kuna kitufe cha kuwashia, ukikibonyeza ukakishikilia inazima, lakini inabidi ushikilie kwa muda, na kila kikohozi kilipotoka kidole changu kiliruka nikaanza upya. Sijui nilijaribu mara ngapi. Ilipozimika hatimaye masikio yalikuwa yanalia.

Jaduong' Odera hakukimbia. Alikuwa amesimama pale pale. Akainua kipaza sauti.

"Mmesikia wenyewe. Nimeuliza, na mwenyewe amejibu. Kila mtu hapa anajua ndugu yangu akikohoa maana yake ni nini." Akawageukia watu wake wa basi. "Mwinueni. Tunakwenda nyumbani."

Nikamwona mama mkwe ameinamisha kichwa. Hakulia. Alishika ncha ya kitambaa chake akaanza kukikunja, kukikunja, na hakuna mtu aliyemtazama isipokuwa Akinyi, na Akinyi alipomaliza kumtazama mama yake alinitazama mimi. Nyinyi mliooa mnajua macho hayo. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi pale ilikuwa imechimbwa tayari kwa ajili ya mtu mwingine na huyo mtu alikuwa karibu kuikosa kwa sababu yangu.

Nikasimama. Mkwe hasimami kuzungumza kati ya wazee wa boma bila kupewa nafasi, na mimi nilichukua kipaza sauti cha MC kilichokuwa chini kwenye nyasi.

"Si baba," nikasema. "Ni mashine. Niliweka memori iliyotumika, fundi alisema ipimwe, nikakataa. Mashine imekwama ikashika sauti. Kosa ni langu."

"Memori ni nini?" akauliza Odera.

Nikajaribu kueleza. Nilieleza mambo ya meza ya fundi nguo. Hata mimi sikujielewa.

"Kama ni mashine," akasema, "iwashe ikohoe tena. Tuone."

Nikaiwasha mbele ya wazee, wamenizunguka, nasikia pumzi zao shingoni. Nikaomba, kwa mara ya kwanza tangu ninunue laptop ile, kwamba ikwame. Ikacheza vizuri. Mzee akainua kidole, akakohoa mara moja, akawashukuru wajukuu kwa kuja. Nikairudia. Ikacheza vizuri zaidi. Nikafungua picha zote pamoja ili niilemee, na nyimbo juu yake, ikazifungua kama imetoka dukani leo.

"Mashine ni nzima," akasema Odera, na hakusema kwa ubaya, alisema kwa huzuni. "Umetuonyesha wewe mwenyewe."

Basi, mnaona nilikofika. Nilitoka kuokoa jambo nikampa ushahidi. Watu wa basi walikuwa wameshika vishikio vya jeneza tayari, wamelitoa juu ya stendi, wanatembea nalo kuelekea langoni, na wanawake wa Kosele wameanza kulia kilio kingine, cha kunyang'anywa. Mimi nilibaki nimeshika meza.

Walikuwa wamefika langoni kabisa video ilipofika tena pale pa kikohozi, na laptop ikakwama. Sikuigusa, naapa. "Hrm. Hrm. Hrm." Wabebaji wakasimama ghafla, jeneza likayumba, mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Safari hii hakuna aliyekimbia, nadhani miguu ilikuwa imechoka. Kila mtu aliganda mahali pake, na kikohozi kinaendelea, kizito, kimoja kimoja, na jeneza liko pale katikati ya lango.

Mama mkwe akainuka. Akajifunga kitambaa vizuri. Akatazama langoni, si kwenye skrini, na kwa sauti ya mtu aliyeko jikoni, wala si kubwa, akasema, "Donji."

Kisha akamwambia Odera, "Shemeji, wewe ulimjua kwenye vikao. Mimi nilimjua kwenye lango. Kila jioni alisimama hapo mlipomsimamisha, akakohoa, na mimi nikamwambia aingie. Yeye hapa hajawahi kukataa. Alikuwa anabisha hodi."

Odera alitazama lango, akatazama jeneza, na usoni mwake niliona mtu anayekumbuka mambo, kwa sababu naye alikuwa amekaa boma lile jioni nyingi na bila shaka alishasikia. Akajifuta jasho. Akawapungia watu wake mkono, polepole, warudi ndani. Nao wakarudi ndani, huku kikohozi kikiwasindikiza njia yote kutoka langoni mpaka kaburini.

Ndipo mama mkwe akanigeukia. Mimi, ambaye tangu nimuoe binti yake hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja mbele ya watu.

"Or," akasema, "zima hiyo kitu sasa. Ameshaingia."

Nikazima. Tukamzika Kosele, kando ya dirisha.

Sitawadanganya kwamba niliondoka nikiwa shujaa. Nilikaa nyuma ya jiko mpaka mahema yanakunjwa, na wakati wa chakula nilisikia watoto wakicheza mchezo mpya, mmoja anakohoa na wengine wanakimbia. Wakwe wenzangu hadi leo wananiita Or Makohozi. Salim aliposikia alicheka mpaka akashika kaunta, halafu akaacha kucheka akasema, "Nilikwambia ilale hapa," akaniwekea memori mpya ya kweli akakaa nayo mpaka aliporidhika. Kile kipande kibaya nilitaka kukitupa kwenye mto Migori, lakini mimi hata kutupa naogopa. Nikakisokota ndani ya soksi nikakisahau kwenye mfuko wa begi.

Miezi ikapita. Tulipokwenda tena Kosele na Akinyi, nilikaa sebuleni na chai yangu, mama mkwe yuko chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kidogo kama desturi. Akinyi akatoka akaniambia mama anauliza kama nimekuja na mashine. Nikajua sasa ndiyo nasomewa mashtaka.

Alitaka kusikia kile kipande cha Krismasi. Nikakicheza. Mzee akakohoa mara moja, akawashukuru wajukuu. Kikaisha.

"Ndiyo hiyo tu?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ndiyo hiyo tu, mama. Mashine imetengenezwa."

"Ile siku ilikuwa inarudi."

"Ile siku ilikuwa ni ugonjwa wa mashine, mama."

"Na huo ugonjwa," akauliza, "umeutupa?"

Nikatoa soksi. Nikaomba bisibisi, Akinyi akaazima kwa fundi wa cherehani wa jirani, nikafungua skrubu juu ya meza ya chai, nikatoa memori nzuri nikapachika mbovu. Nikacheza kipande. Kikapita salama. Nikarudia, kikapita salama. Nikafungua picha zote na nyimbo zote. Salama. Chai ilipoa, nje kuku walianza kurudi, na mimi niliyeogopa kikohozi kile tangu siku ya kujitambulisha nilikuwa nimekaa pale nikiogopa kwamba hakitakuja. Nilisikia kiti cha ndani kikisogea, mama mkwe anainuka kwenda kuwasha moto. Ndipo kikanasa.

"Hrm. Hrm. Hrm."

Mkono wangu uliruka kwenye kitufe wenyewe kwa mazoea, Akinyi akaushika akauweka chini. Tukasikiliza. Baada ya muda mama mkwe akajibu kutoka ndani, polepole, "Donji," ndipo Akinyi akaniachia nizime.

Nimeapa na narudia mbele yenu: sitafungua tena laptop siku ya kuamkia shughuli ya watu, na fundi akisema kitu kilale kikapimwe, kitalala, hata wakwe wote wa Kenya wakiwa wananingoja Rongo. Lakini kile kipande kibovu sikitupi. Kila tunapokwenda Kosele nakibeba ndani ya soksi pamoja na bisibisi yangu mwenyewe, na njia nzima naogopa kwamba safari hii hakitakwama, kwa sababu Salim ameniambia hitilafu za namna hiyo wakati mwingine huwa zinapona zenyewe.